Dumu Jeupe Lenye Harufu ya Moshi

Wiki iliyopita mmoja wenu alipita hapa nyumbani kunionyesha begi lake jipya la mgongoni. Ndani ya begi mna mfuko wa maji, na kwenye mfuko kuna mrija mrefu unaopita begani hadi mdomoni, ili mtu anyonye huku anatembea. Kijana alikuwa na furaha kama bwana harusi. Nikamuuliza: ukifika nusu ya njia, utajuaje maji yamebaki kiasi gani? Huo mrija utausafisha kwa kitu gani? Na mwenzako akishikwa na kiu, utampa anyonye mate yako? Akacheka, akasema, "Papa Asukulu, weye uko na wivu tu."

Labda. Lakini tangu siku ile nimekuwa nikiwafikiria nyinyi mnaojiandaa kwenda Namugongo kwa miguu, na nimeona niyaandike haya kabla hamjanunua kila kitu chenye rangi nzuri.

Kwa wasionijua: kwa miaka mingi niliuza na kuziba madumu ya maji hapa sokoni Nakivale, kambini kwetu sisi wakimbizi. Sisi Wakongo tunaita bidoni, Waganda wanaita jerikeni, lakini kitu ni kile kile. Watu waliniita Papa Bidoni, na wanangu wakawa watoto wa Bidoni, jambo ambalo binti yangu mkubwa hajanisamehe mpaka leo. Sasa goti langu la kushoto limestaafu, na mimi nimelifuata.

Nilitoka upande wa Fizi, Kivu ya Kusini, na mimi ni Mprotestanti, mwimbaji wa sauti ya nne. Hija ya Namugongo, mahali walipouawa mashahidi wanaokumbukwa kwa sikukuu kila mwaka, ni ya Wakatoliki, na wengi wanaoiendea kutoka hapa ni ndugu zetu Warundi. Mimi nilikuwa naijua kwa upande wa biashara tu. Kila mwezi wa tano walikuja kwenye meza yangu kutafuta dumu la safari, nami niliwashauri kwa kujiamini kabisa, ingawa mwenyewe nilikuwa sijawahi kutembea kwa miguu kupita Kabingo, mji wa kwanza njiani. Mjue hivyo tangu mwanzo. Mtu anaweza kuuza viatu miaka ishirini na asijue mahali vinapobana.

Kosa ambalo karibu kila mtu hufanya ni kuchukua dumu kubwa. Tulikuwa na kiongozi wa kwaya ya Wakatoliki, Melkiori, mtu mwenye kifua. Mwaka mmoja alitangaza kwamba atabeba lita ishirini kichwani kwa ajili ya kundi zima, kama Simoni wa Kirene. Nilimwambia, "Kaka, lita ishirini ni mbuzi mzima hapo kichwani." Akaniambia imani itabeba. Imani ilibeba mpaka kwenye vilima vya Kabingo. Hapo aliliweka dumu chini kando ya barabara, akalitazama, akalibadilisha na chapati sita kwa mama mmoja mkaanga chapati. Alifika Namugongo salama, akarudi, akaja kununua la lita tatu bila kuniangalia machoni.

Chukueni madogo mawili, basi. La lita tatu mgongoni, na chupa ya lita moja mkononi au kiunoni. Moja likitoboka, bado una jingine. Na la mgongoni liwe bapa, kwa sababu dumu la mviringo linabingirika ndani ya begi na kukusukuma kila ukipiga hatua, kama mtoto anayekataa kubebwa. Dumu likifika nusu, maji yanaanza kucheza na kukuvuta huku na huku, kwa hiyo ni heri umalize moja kabisa kabla ya kuanza jingine. Hili la mwisho sikulijua mezani. Nilifundishwa na barabara, nami nitawaambia ilikuwaje.

Chupa nyembamba za maji ya dukani msizitegemee. Zinakunjamana, na siku ya tatu zinapasuka kwenye mkunjo. Chupa ya soda ni ngumu zaidi. Ya chuma ni nzuri na ina heshima, lakini ukiiacha juani utakunywa chai bila majani. Dumu linalopitisha mwanga huota utando wa kijani ndani, kwa hiyo lifunike kwa kipande cha gunia. Ukililowesha gunia hilo, upepo wa njiani utakupozea maji bure.

Kifuniko ndicho moyo wa dumu. Kata pete ya mpira wa ndani wa baiskeli, itie chini ya kifuniko, kaza. Kisha jaza maji, lipindue juu ya majivu makavu, uende ukafanye shughuli zako. Ukirudi ukakuta tone moja limechora kwenye majivu, hilo siyo la safari. Na likitoboka njiani, sugua kipande cha sabuni ya mche kwenye ufa mpaka uzibike. Linafika jioni. Maji yatakuwa na ladha ya Jumamosi ya kufua, lakini utafika.

Hayo yote ni ya macho na mikono. Kazi yenyewe nilifundishwa kwa pua.

Aliyenifundisha ni bibi mmoja Mnyankore aliyeishi pembeni mwa Kabingo, mwenye ng'ombe wachache wenye pembe ndefu. Tulimwita Kaaka, yaani bibi, kama wajukuu zake walivyomwita. Nilikuwa mgeni katika kazi. Nilinunua madumu ya mafuta ya kupikia kwa wenye maduka wa Nyamityobora, kule Mbarara, nikayaosha kwa sabuni, nikayauza. Siku moja nilimpelekea Kaaka moja. Hakulitazama hata kidogo. Alifungua kifuniko, akaingiza pua, akanirudishia.

"Wewe Mukongo, hii hapana safi."

"Nimeiosha mara tatu, Kaaka."

"Sabuni nafukuza mafuta, halafu nakaa yenyewe. Weka jivu, weka maji moto, weka mawe kidogo-kidogo. Tingisha mpaka mukono nachoka. Halafu nusa."

Akanipeleka nyuma ya nyumba kuniona nikitingisha, na kweli mkono ulichoka. Huko ndiko nilikoona jinsi anavyotunza vibuyu vyake vya maziwa. Aliviosha, akaviacha vikauke, kisha akawasha nyasi kavu ndani ya chombo kidogo cha udongo na kuuingiza moshi kwenye kibuyu. Maziwa yake yalikuwa na harufu ya moshi mtamu ambayo siwezi kuisahau. Alinipa kikombe, akasema, "Nyumba ambayo nanuka moshi, hiyo nyumba iko safi. Mwanamuke iko macho."

Niliyashika maneno yake kama aya. Nilijaribu hata kufukiza madumu yangu mwenyewe ili nipate bei, nikasahau kwamba plastiki siyo kibuyu. Dumu la kwanza lilijikunja likawa na sura ya sikio la tembo. Kaaka alipoliona alicheka mpaka akakaa chini. Lakini somo la moshi lilibaki kichwani mwangu vile vile, nami nikalipeleka mahali ambapo Kaaka hakulikusudia.

Mbele ya meza yangu sokoni kulikuwa na mama mmoja Mrundi, mjane, anayeuza maharage na ndagala, yaani dagaa. Jina lake Felisite. Alikuwa anachechemea, mguu wa kulia ulivunjika zamani ukaungwa vibaya. Binti yake alikuwa ameshikwa na uchungu wa kuzaa akapelekwa Mbarara, na kwa siku tatu hakuna aliyejua kama atarudi. Mama Felisite aliweka nadhiri: mtoto wangu akirudi na pumzi, nitatoka mlangoni kwangu kwa miguu mpaka Namugongo, sitapanda gari hata hatua moja. Binti alirudi, na mjukuu mgongoni.

Nadhiri ikabaki. Mwaka wa kwanza mvua iliharibu maharage, wa pili alilea mjukuu. Na mguu ulikuwa unazidi kuwa mbaya. Mwaka wa tatu alikuja kwenye meza yangu, akasema, "Fundi, ni mwaka huu ama basi. Mguu huu hauningoji tena. Nipe dumu ambalo litafika."

Ningeweza kumpa lolote katika yale ya mafuta. Lakini nilimheshimu, nikataka kumpa zuri kuliko yote. Na zuri nilikuwa nalo. Siku ya gulio huko Kabingo nilikuwa nimelinunua kwa mchunga ng'ombe mmoja nisiyemjua: dumu jeupe, bapa, lita tano, plastiki nene kama kwato, kifuniko kinakaza mpaka kinalia. Nilikuwa nawaambia watu wabebe madogo, lakini kwa lile nikasema basi, atalijaza nusu na pengine zaidi kidogo. Nililifungua nikaingiza pua, nikakutana na harufu ya moshi mtamu, ile ile ya vibuyu vya Kaaka. Nikasema moyoni, hili limetoka katika nyumba ya mwanamke aliye macho.

Niliona pia kwamba ubavuni kulikuwa na gundi. Karatasi iliyokuwa imebandikwa ilikwanguliwa kwa kisu. Niliiona kwa macho yangu haya, nikaifuta kwa mafuta ya taa ili dumu lipendeze.

Asubuhi ya kuondoka mahujaji walikusanyika mbele ya kanisa, kumekucha kabisa, mabegi mgongoni, rozari mikononi. Mimi nilikuwepo. Sitawadanganya, nilikwenda kwa ajili ya matangazo. Madumu yangu kwenye migongo ya watu wote wale, nani hapendi kuona? Mke wangu Mwamini alikuwa nami, anauza maandazi.

Mama Felisite aliniona, akaniita mbele za watu. Dumu jeupe lilikuwa limejazwa maji tangu jana yake.

"Fundi, njoo. Kwetu mwenye kukupa kinywaji anaonja yeye kwanza. Weye ndiye umenipa hili. Onja."

Desturi hiyo naijua. Ukitembelea Mrundi, mwenye nyumba hunywa funda moja mbele yako, ndipo akupe, ili uone kwamba hakuna sumu. Ni heshima. Lakini asubuhi ile mimi sikuisikia kama heshima. Nilisikia mtu ananishuku mbele ya wateja wangu wote. Damu ikanichemka. Funda moja lingetosha, lakini mimi nilitaka kumuaibisha, kwa hiyo nikaliinua dumu kwa mikono miwili na kunywa kama ng'ombe mtoni, mafunda manne makubwa.

Mbele ilikuja ladha ya moshi. Nyuma ya moshi kulikuwa na uchungu, kama mtu aliyetafuna kidonge.

Watu walikuwa wananitazama. Nikafuta mdomo, nikasema, "Maji matamu, mama. Nenda na amani."

Nawaandikia nikiwa mzee, na sentensi hiyo bado ningependa kuiruka.

Bahati ni kwamba padri alikuwa bado hajawabariki, na mahujaji hawagusi kitu mpaka baraka iishe. Wakapiga magoti. Mimi nikasimama kwenye uzio na mdomo ukaanza kujaa mate. Natema, yanajaa. Jasho likanitoka, macho yakafifia, tumbo likajifunga. Nikataka kupiga kelele, "Usinywe!" Sijui kama sauti ilitoka. Nilianguka pale pale.

Nilichosikia ni sauti ya Mwamini. "Bantu ya Mungu, muone! Ule mama amemupa bwana yangu sumu! Amemunywesha mbele yetu bote!"

Na Mama Felisite alikuwa amesimama katikati ya watu, dumu mkononi.

Walinibeba kwenye pikipiki mpaka zahanati. Kundi halikuweza kungoja, njia ni ndefu na siku ya sikukuu haisogei, kwa hiyo wakaondoka. Melkiori alimwambia Mama Felisite, "Mama, twende, Mungu ataamua." Akajibu, "Nikienda, watasema nimekimbia." Akashusha begi, akalishika mkononi pamoja na dumu, akaifuata pikipiki kwa mguu wake ule mbovu, akakaa nje ya zahanati kwenye benchi.

Walinichoma sindano, wakanitundikia maji. Kufika adhuhuri macho yalifunguka na ulimi ukawa mwepesi. Muuguzi, binti mmoja mpole wa Kinyankore, akaniuliza, "Muzee, wewe nakunywa nini? Nani nakupa?"

Nilijua. Ule uchungu, ile gundi, yule mchunga ng'ombe. Vipande vyote vilikuwa vimeungana kichwani hata kabla sijafumbua macho. Nikamjibu, "Sijui, binti yangu. Nilipewa tu maji."

Kwa nini? Kwa sababu ya ile meza sokoni. Nani atanunua dumu kwa fundi anayeuza sumu? Nilijidanganya kwamba nangoja nipate nguvu. Alasiri nzima majirani waliingia kuniangalia, nami nikajifanya nimelala, na kila aliyetoka alipita mbele ya benchi lile. Niliwaona kupitia dirishani. Mmoja alitema chini. Mama Felisite alikaa na begi lake mapajani. Nami nilikuwa nimelala pale mwenye ulimi mzima, nimenyamaza. Kundi lilikuwa linakwenda, kila saa mbali zaidi, na mwanamke mwenye nadhiri alikuwa amekaa kwenye benchi kwa ajili ya sifa za muuza madumu.

Kesho yake asubuhi muuguzi aliingia na dumu jeupe. Alikuwa amelimwagia maji ya moto. Moshi ulikuwa umeondoka, na chini yake ilikuja harufu ambayo mtu yeyote wa nchi hii ya ng'ombe anaijua: dawa ya kupe, ile ya kunyunyizia mifugo. Nafikiri yule mchunga aliliosha, akalifukiza ili litumike kwa maziwa, mke wake akalikataa. Mke wake alikuwa na pua kuliko mimi.

"Hii jerikeni iko ya nani?" muuguzi akauliza.

Nikamwambia aniitie Mwamini na wote waliokuwa nje. Wakaja, Mama Felisite nyuma yao, amesimama mlangoni. Nikasema, "Dumu ni langu. Nililinunua bila kujua lilikuwa na nini, nikamuuzia. Nilisikia uchungu nikasema ni tamu. Huyu mama angekunywa yeye, mngemzika. Desturi yake imemponya, na mimi nimemlipa kwa kumwacha atukanwe."

Mwamini alijifunika uso na kitenge. Kisha akaenda mlangoni, akapiga magoti, akamshika Mama Felisite miguu. "Mama, unisamehe. Nilisema bubaya."

Mama Felisite alimwinua. Akanigeukia, akasema tu, "Haya, fundi. Pona." Akavaa begi lake, akaenda nyumbani. Kundi lilikuwa limekaribia Mbarara. Kwa mguu ule asingelifikia, na nadhiri ilikataza gari. Alasiri alikuwa sokoni, anapima maharage.

Sikusema siku ile kwamba nilikuwa na akili zangu tangu adhuhuri ya jana yake. Watu walidhani nimezinduka asubuhi, nami nikawaacha wadhani.

Nilipotoka nilivunja kila dumu lisilo na karatasi yake. Nilivunja hata mengine yaliyokuwa mazuri, kwa hasira. Miezi mingi sikuuza kitu, tukaishi kwa maandazi ya Mwamini. Nilipoanza tena nilikuwa na sheria mpya, nazo ndizo nataka mwende nazo. Usinunue dumu lililokwanguliwa karatasi, hata likiwa zuri kama yai. Usibebee maji kwenye dumu ambalo halikuwahi kubeba chakula. Harufu nzuri iogopeni kuliko mbaya, kwa sababu mbaya haimfichi mtu kitu. Na anayekuuzia dumu, mwambie alijaze maji alale nalo, kisha anywe mbele yako. Akikasirika, ondoka.

Mwaka uliofuata, mwezi wa nne, nilivuka kwenda meza ya Mama Felisite. Nikamwambia, "Mama, ukubali nikubebee maji. Nitatembea na wewe kutoka mlangoni kwako."

Akaendelea kupepeta maharage. "Weye si Mukatoliki."

"Maji hayana dini."

"Na goti lako?"

"Na mguu wako?"

Akacheka kidogo, mara ya kwanza tangu siku ile. Mchungaji wangu alipoambiwa alikohoa kwa muda mrefu, kisha akaniombea.

Hivyo ndivyo nilivyojifunza kazi ambayo nilikuwa nimeifanya nusu ya maisha yangu. Kamba nyembamba ambazo nilikuwa nafunga kwenye madumu ya wateja ziliniingia begani kabla ya Kabingo, nikajilaani kwa kila kamba niliyowahi kuuza. Tumieni kitambaa kipana. Nilijifunza kunywa kidogo kidogo kabla ya kiu, na kujaza kila penye bomba hata kama bado yapo. Baada ya Mbarara barabara inanyooka kwenye nyika, jua halina huruma, na malori yanakupulizia vumbi. Mama Felisite alikuwa anatembea taratibu na fimbo yake, wenzetu wote wakatuacha. Tulikuwa tunawakuta jioni kwenye parokia, wameshakula.

Kila asubuhi nilijaza dumu, nikafungua, nikanywa funda moja mbele yake, nikampa. Hakuniomba, na hakusema asante. Alipokea akanywa. Karibu na Masaka mguu ulivimba, akakaa kando ya barabara, na mtu mwenye gari akasimama kutuonea huruma. "Nyabo, mama, ingia, nakupeleka bure." Nilimtazama. Niliogopa kuliko nilivyoogopa nikiwa kitandani, kwa sababu niliona nadhiri yake imeshikiliwa na uzi, na nyuzi nyingine nilikuwa nimezikata mimi mwaka uliopita. Alimshukuru yule bwana, akakataa. Nikalowesha gunia la dumu, nikamfunga nalo kwenye kifundo. Tukakaa pale mpaka jua lilipolegea, akasimama.

Tulifika Namugongo mkesha wa sikukuu, mchana, watu wengi kama nyasi. Alipiga magoti hapo hapo langoni, sikumsikia alichosema, nikaona tu mabega yake yanatikisika. Mimi pia nililia, Mprotestanti na dumu lake.

Kisha tukapanga foleni ya maji. Foleni ilikuwa ndefu, na mimi nikaona siwezi kurudi na ule mzigo mwingine.

"Mama Felisite," nikasema, "siku ile, kwenye zahanati. Mimi sikuzinduka asubuhi. Nilizinduka adhuhuri ya siku ya kwanza. Nilijua kila kitu. Nikakuona kwenye benchi, nikanyamaza."

Alisogea hatua moja na foleni.

"Nilijua," akasema.

"Ulijua?"

"Muuguzi alitoka akaniambia: muzee wako ameamka, anaongea vizuri. Nikasema basi, acha nikae hapa nione atachukua muda gani."

Nikahamisha dumu mkono huu hadi ule.

"Ulichukua siku moja, fundi," akasema. "Miye nilikuwa nimekuwekea tatu."

Tulifika kwenye bomba. Alilichukua dumu mkononi mwangu, akalisuuza, akalijaza. Kisha akaliinua, akanywa funda moja mbele yangu, akanipa.